Karatasi inayofutika haina budi kujibu maswali mawili

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala kuhusu karatasi inayoandikwa, ikafutwa na kuandikwa tena, hasa ile ambayo rangi zake hazitokani na wino bali na fuwele za fotoni, yaani maada iliyopangwa kwa tabaka ndogo mno ambazo huchagua rangi ya nuru ya kurudisha. Habari za uvumbuzi huu hutolewa kwa mtindo uleule kila mara: watafiti wamepata karatasi isiyotaka wino, misitu itapona, na siku za karatasi tuliyoizoea zinahesabika. Baada ya juma moja habari hiyo husahaulika, na miaka michache baadaye hurudi kana kwamba haijawahi kusikika. Mimi ni mtu wa masjala, na kazi yangu ya kila siku ni kupokea, kusajili na kuhifadhi maandishi ya watu wengine. Kwa hiyo karatasi ya namna hii naitamani na naihofia kwa wakati mmoja. Ninachotaka kusema ni kwamba ubora wake haupimwi kwa idadi ya miti inayodaiwa kuokolewa, wala kwa uzuri wa rangi zake, bali kwa majibu ya maswali mawili: maandishi yatakaa muda gani, na ni nani au ni kitu gani kinachoweza kuyafuta.

Kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mno. Karibu rangi zote tunazotumia kuandika na kuchapa ni rangi za kemikali: molekuli za wino hufyonza sehemu ya nuru na kuiacha sehemu nyingine irudi machoni mwetu. Molekuli hizo huchakaa. Jua huzivunja kidogo kidogo, ndiyo maana bango lililobandikwa nje hupauka na pazia hupoteza rangi upande wa dirishani. Rangi ya fuwele za fotoni ni ya namna nyingine kabisa, kwani hutokana na mpangilio wa maada na si dawa iliyotiwa ndani yake. Chukua vijipira vya silika (maada ya mchanga na kioo) au vya plastiki vyenye kipenyo cha nanometa 200 hivi, vidogo kiasi kwamba ungehitaji kupanga mia kadhaa kwenye mstari mmoja ili kuufikia unene wa unywele. Kijipira kimoja peke yake hakina rangi. Lakini vikipangwa kwa nidhamu, tabaka juu ya tabaka, nuru inayorudi kutoka tabaka moja hukutana na ile inayorudi kutoka tabaka linalofuata, na ni mawimbi ya rangi moja tu yanayoimarishana, huku mengine yakipita au kufutana.

Maumbile yaliijua kazi hii zamani. Robert Hooke aliyatazama manyoya ya tausi kwa hadubini na kuandika habari zake mwaka 1665, akabaini kwamba rangi zile hutoweka manyoya yakilowa. Yaani tangu enzi hizo ilikuwa imeonekana kwamba maji yanaweza kuondoa rangi bila kuosha dawa yoyote. Jiwe la opali lilifichua siri yake mwaka 1964, pale watafiti wa Australia walipolichunguza kwa hadubini ya elektroni na kukuta vijipira vya silika vilivyojipanga kwa usawa wa kushangaza. Tunda la mmea uitwao Pollia condensata, unaoota katika misitu ya Afrika, lina buluu inayong'aa pasipo rangi yoyote ya kemikali ya buluu ndani yake, na matunda yaliyokaushwa na kuhifadhiwa katika makusanyo ya mimea kwa miongo mingi bado yana ung'avu uleule. Na kinyonga, ambaye tumemwonea kwa kumfanya mfano wa watu wasio na msimamo, mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba aina mojawapo ya Madagaska hubadilisha rangi kwa kusogeza mbali au karibu vifuwele vya guanini vilivyomo katika seli za ngozi yake. Hamwagi rangi mpya mwilini; anabadilisha nafasi kati ya kifuwele na kifuwele.

Hesabu yake ni nyepesi, na naomba kuionyesha kwa sababu siri yote ya karatasi hii imo humo. Nuru ikiingia wima, urefu wa wimbi linaloimarishwa ni mara mbili ya umbali kati ya tabaka na tabaka, ukizidishwa kwa kiasi ambacho maada ile hupunguza mwendo wa nuru, ambacho kwa plastiki nyingi ni moja na nusu hivi. Tabaka zikiachana kwa nanometa 165, wimbi linalorudi ni la nanometa 495, ambalo jicho huliona kama kijani kinachoelekea buluu. Sasa ifanye maada iliyozishika tabaka hizo ivimbe kidogo hadi umbali ufike nanometa 205: wimbi linakuwa la nanometa 615, na jicho linaona rangi ya chungwa iliyokaribia wekundu. Ongezeko hilo la nanometa 40 hakuna kidole kitakachoweza kulihisi, ilhali limeruka kijani chote na manjano yote. Kuandika juu ya karatasi ya fuwele za fotoni, basi, ni kuvimbisha, kugandamiza au kunyoosha sehemu fulani na kuiacha nyingine ilivyo. Kufuta ni kuirudisha sehemu hiyo katika umbali wake wa awali.

Fuwele za fotoni kama fani zilipata msukumo wake mwaka 1987, wakati Eli Yablonovitch na Sajeev John walipochapisha, kila mmoja kivyake, makala zao katika jarida moja la fizikia. Wao hawakuwa wakiwaza karatasi. Karatasi ilikuja baadaye: mwaka 2003 Hiroshi Fudouzi na Younan Xia walieleza karatasi ya fotoni iliyotengenezwa kwa vijipira vya polistirini vilivyofungwa ndani ya mpira wa silikoni, ambayo wino wake ni kimiminika cha silikoni kisicho na rangi, mpira hukinywa, huvimba, na mahali palipoguswa hubadilika rangi. Mwaka huohuo kundi la Geoffrey Ozin na Ian Manners wa Chuo Kikuu cha Toronto lilieleza fuwele inayobadili rangi kwa viyeyusho na kwa mmenyuko wa kemikali, na mwaka 2007 utafiti huo ukazaa kionyeshi cha rangi zote kinachoendeshwa kwa umeme. Mwaka 2009 Jianping Ge, Yadong Yin na wenzao walikuja na karatasi ambayo punje zake ni oksidi ya chuma iliyovikwa silika, zikapangwa kwa nguvu ya sumaku ndani ya polima (maada ya jamii ya plastiki) inayopenda maji, na wino wake ukawa maji ya chumvi inayovuta unyevu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wakaeleza fuwele zenye matundu madogo katika polima inayokumbuka umbo lake: matundu yakisinyaa rangi hupotea, na yakigandamizwa hufunguka tena na rangi ikarudi.

Ni orodha ya akili nyingi, nami nawavulia kofia waliohusika. Lakini tuipitishe kila karatasi katika maswali yangu mawili. Ile ya mwaka 2003 inategemea kimiminika kubaki ndani ya mpira, na kikitoka, kwa kukauka au kwa kuoshwa, maandishi hutoka nacho. Ile ya mwaka 2009 ilijibu tatizo la kukauka kwa werevu mkubwa, kwa kuwa chumvi haigeuki mvuke na kupotelea hewani. Hubaki pale ilipowekwa na kuendelea kushika unyevu, hivyo maandishi hudumu. Lakini inafutwaje? Kwa kuoshwa na maji, basi. Ina maana kwamba mwenye uwezo wa kuifuta ni yeyote mwenye bilauri ya maji, au mvua iliyopita katika dirisha lililosahauliwa wazi, au kiganja chenye jasho. Kwa karatasi ya kufanyia hesabu za mazoezi hilo ni jambo la heri. Kwa hati ya mauziano ya ardhi ni balaa. Karatasi ya polima yenye kumbukumbu nayo, ambayo hurudisha rangi kwa kugandamizwa, ingepata shida ya kuishi hata siku moja katika shubaka la masjala, ambako majalada hulaliana mwaka mzima.

Hapa ndipo ninapolaumu namna tunavyoandika habari za sayansi. Sifa ya karatasi hutajwa kwa sauti, na sharti lake hunong'onwa. Mfano mzuri unatoka kwa karatasi nyingine, zisizo za fuwele, ambazo mara nyingi hutajwa katika pumzi moja na hizi. Yadong Yin na kundi lake katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, mwaka 2014 walitumia rangi za kemikali zinazogeuka kwa msaada wa chembe za dioksidi ya titani, zikaandikwa kwa mionzi ya urujuanimno bila wino na kufutwa kwa joto, zaidi ya mara 20. Mwaka 2017, wakishirikiana na watafiti wa China, walipaka karatasi ya kawaida mchanganyiko wa bluu ya Prussia na dioksidi ya titani. Safari hii karatasi iliandikwa na kufutwa zaidi ya mara 80, maandishi yakabaki yanasomeka kwa siku 5 au zaidi, na kufuta kukahitaji joto la nyuzi 120 za Selsiasi kwa dakika 10. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Jilin walieleza mwaka 2014 karatasi inayochapwa kwa maji matupu, ambayo maandishi yake hufifia yenyewe baada ya saa 22 hivi. Ukisoma vichwa vya habari utaikuta ile 80. Zile siku 5 na saa 22 utazitafuta. Nami nasema kwamba mtumiaji anahitaji zaidi kuzijua hizo siku 5.

Nisieleweke vibaya: muda mfupi si aibu. Kampuni ya Xerox, ilipotangaza mwaka 2006 karatasi yake ya majaribio iliyojifuta baada ya saa 16 hadi 24, ilikadiria kwamba hadi kurasa mbili kati ya kila tano zinazochapwa maofisini ni za kusomwa mara moja tu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya printa ya ofisi anajua kwamba makadirio hayo hayana chumvi. Ajenda ya mkutano, barua pepe iliyochapwa ili isomwe njiani, rasimu ya tatu ya taarifa ambayo itafuatwa na rasimu ya nne: hizi zote zingeweza kuandikwa juu ya karatasi inayojifuta kesho, na hakuna ambaye angezililia. Kwa maandishi ya aina hiyo, karatasi hii inatosha hata ilivyo leo.

Suala la kuokoa rasilimali nalo linataka hesabu kuliko shauku. Karatasi ya A4 ya kawaida, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5, na rimu moja ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 za karatasi na kadibodi kwa mwaka, lakini sehemu kubwa ya hizo ni maboksi, vifungashio na karatasi za usafi, ambazo fuwele za fotoni hazizigusi hata kidogo. Karatasi moja ikitumika mara 80 imechukua nafasi ya gramu 400 za karatasi ya kawaida, na hilo si haba. Lakini hizo mara 80 zilihesabiwa maabara, na maabara hakuna stepla. Hapa naomba wataalamu wasikie sauti ya masjala: karatasi haifi kwa sababu ya wino. Hufa kwa sababu ya kukunjwa ili iingie kwenye bahasha, kutobolewa kwa panchi ili iingie kwenye jalada, kupigwa pini kwenye kona na kung'olewa pini hiyo kwa kucha, kuandikwa pembeni kwa kalamu ya mtu aliyekosa mahali pengine pa kuandika namba ya simu, na kupigwa muhuri. Karatasi yenye kikunjo kimoja tu printa huikataa au huitafuna. Toshiba walipouza mashine yao ya kuchapa kwa wino unaofutika kwa joto, walizungumzia kuitumia karatasi moja mara 5 hivi, na naona walikuwa wameishi karibu na ofisi kuliko watafiti wengi. Tukichukua hata mara 10, akiba inashuka hadi gramu 50, na hapo inabidi tuulize ile tabaka ya polima, silika na oksidi ya chuma ilitengenezwa kwa gharama gani, na karatasi ikishachakaa itakwenda wapi, kwa sababu kinu cha kurejeleza karatasi kimezoea nyuzi za mti, ambazo zenyewe huweza kurejelezwa mara 5 hadi 7 kabla hazijawa fupi mno.

Joto la kufutia nalo lina hesabu yake, na inashangaza kidogo. Kupasha karatasi moja ya gramu 5 kutoka joto la chumbani hadi nyuzi 120, pamoja na kuufukuza unyevu uliomo, kunahitaji kwa makadirio yangu kati ya jouli 1,000 na 1,500 tu. Tanuri dogo la wati 1,000 likiwashwa kwa dakika 10 hula jouli 600,000. Anayefuta karatasi moja moja anatumia umeme mara 400 au zaidi ya ule ambao karatasi yenyewe inauhitaji. Anayesubiri rundo likusanyike na kulifuta kwa pamoja anaweza kuwa na haki ya kujivunia utunzaji wa mazingira. Karatasi za fuwele za fotoni zinazofutwa kwa maji au kwa kugandamizwa hazina mzigo huo wa tanuri, na hii ni sifa yao ambayo ningetamani itajwe mara nyingi kuliko kung'aa kwao.

Nije kwenye jicho la msomaji, maana karatasi mwishowe ni ya kusomwa. Weupe wa karatasi ya kawaida unatokana na vurugu: nyuzi zake zimelala ovyo na kuirudisha nuru ya kila rangi kila upande. Fuwele ya fotoni ni kinyume cha vurugu, na kwa hiyo hurudisha rangi moja iliyochaguliwa. Haiwezi kwa urahisi kutupa maandishi meusi juu ya weupe. Hutupa, tuseme, herufi nyekundu juu ya uwanja wa kijani, na mara nyingi hutaka mgongo mweusi ili rangi isififie. Ukiinamisha ukurasa, rangi huhama, kwa sababu umbali anaousafiria mwanga kati ya tabaka hubadilika na pembe ya kutazamia. Kuna watafiti wanaovuruga mpangilio makusudi ili rangi ibaki ileile kwa kila pembe, lakini wanalipa kwa rangi iliyopoa. Zaidi ya hayo, upofu wa rangi wa kutotofautisha nyekundu na kijani ndio ulioenea zaidi, hasa kwa wanaume. Karatasi ambayo maandishi yake yote yanategemea tofauti hiyo itakuwa tupu kwa baadhi ya wasomaji hata kabla haijafutwa. Sijaona jambo hili likitajwa katika sifa nyingi ninazozisoma, na sielewi kwa nini, kwa kuwa kuchagua jozi nyingine ya rangi ni suala la kubadili nanometa chache tu.

Sasa nigeukie upande wa pili wa swali langu la pili. Nimesema sana juu ya maandishi yanayopotea kabla ya wakati. Kuna pia maandishi yanayokataa kupotea. Katika karne ya 13 mtu mmoja alikwangua kurasa za ngozi zilizokuwa na nakala ya kazi za Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ili aandike sala juu yake, na mwanzoni mwa karne hii wataalamu, kwa kupiga picha kwa mawimbi mbalimbali ya nuru, waliyasoma maneno yaliyokwanguliwa. Historia inashukuru, lakini yule aliyekwangua aliamini kwamba amefuta. Kalamu za FriXion za kampuni ya Pilot, ambazo wino wake hupotea kwa joto la nyuzi 60 na kitu, zina tabia hiyohiyo: ukiiweka karatasi katika baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, yaliyofutwa hurudi. Fomu iliyojazwa kwa kalamu ya namna hiyo ikiachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani yaweza kuwasili ikiwa nyeupe, na ikitiwa kwenye friza ikasomeka tena. Mhasibu na mlaghai wote wawili wanapaswa kulijua hilo. Karatasi ya fuwele za fotoni iliyovimbishwa kwa chumvi na kuoshwa yaweza kubaki na mabaki ya chumvi pale palipokuwa na herufi, na polima iliyonyooshwa mara nyingi mahali pamoja yaweza isirudi kikamilifu. Jicho halitaona, lakini kipimamwanga kinaweza kuona. Kwa hiyo anayetaka kuchapa orodha ya wagonjwa au mishahara juu ya karatasi hii, kisha aifute na kuipeleka idara nyingine, asubiri kwanza mtengenezaji aonyeshe kwa vipimo kwamba kilichofutwa hakisomeki kwa chombo chochote. Mashine ya kuchana karatasi, pamoja na kelele zake, haina utata huo.

Wapo watakaoniambia kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu kinahamia kwenye vioo vya simu na kompyuta. Sikubaliani nao, ila sitalipa hoja hiyo nafasi kubwa: karatasi husomwa bila betri, hupokewa na asiye na akaunti wala nywila, na hubandikwa ukutani.

Naona kazi za kweli za karatasi hii ziko kando kidogo ya meza ya ofisi. Lebo ya rafu ambayo hubadilishwa kila bidhaa inapobadilika ni mahali pake. Kibandiko kinachogeuka rangi pale shehena inapopata unyevu au joto kupita kiasi ni mahali pake zaidi, kwa sababu pale kubadilika kwenyewe ndiyo taarifa, na hakuna anayehitaji kusoma aya nzima. Na katika kuzuia kughushi, udhaifu wake wote hugeuka kuwa nguvu: rangi inayohama kwa kila pembe haiwezi kunakiliwa kwa fotokopi, kwa kuwa mashine ya fotokopi hutazama kutoka pembe moja tu; na michoro iliyofichwa ndani ya fuwele, isiyoonekana hadi ilowe au inyooshwe, humpa mkaguzi njia ya kuhakiki hati papo hapo bila kifaa chochote. Inachekesha kidogo kwamba maada tuliyoisifia kwa kuandikwa upya huenda ikapata ajira ya kudumu katika kuthibitisha kwamba kitu hakijaandikwa upya.

Nina maombi mawili kabla sijaiachia kalamu. La kwanza ni kwa gazeti lako: mnapochapisha habari za karatasi mpya ya aina hii, mtaje pamoja na idadi ya kuandikwa upya, muda ambao maandishi yanasomeka, kile kinachoyafuta, na kama vipimo hivyo vilifanyika kwa karatasi iliyolala maabara au iliyopita mikononi mwa watu. La pili ni kwa wanaoweka kanuni za utunzaji wa kumbukumbu, popote walipo. Wasisubiri hadi karatasi hizi zijae kwenye majalada ndipo waulizane. Waamue mapema kwamba hati za mali, za ndoa na vizazi, za mahakama, za matibabu na za fedha haziandikwi juu ya karatasi inayofutika wala kwa wino unaofutika. Na kwa kuwa karatasi iliyopakwa vizuri inaweza kufanana kabisa na ile ya kawaida machoni pa karani mwenye foleni mbele yake, kila ukurasa wa namna hii uwe na alama yake pembeni, pande zote mbili, iliyochapwa kiwandani kwa wino mweusi wa kawaida usiofutika, ikisema kwamba maandishi yaliyo juu yake si ya kudumu na yatasomeka hadi muda gani.

Wako katika ujenzi wa hoja,

Mtunza kumbukumbu na msomaji wako wa siku nyingi